Safu ya Tone

"Uliandika nini? Nakuuliza wewe, uliandika nini hapa?"

Dada kanishikia karatasi usoni. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati la vyombo, vikombe vikalia.

"Punguza sauti, Mama anasikia."

"Asikie! Si wewe msomi wa nyumba hii? Haya, Bwana Matokeo, nisomee."

Bwana Matokeo ni jina alilonibandika tangu nimalize mtihani wa mwisho, maana kila nikitumwa kitu nasema nangoja matokeo. Siku nyingine tunacheka wote. Leo alilitema.

Nikasoma. "Hakuna."

"Endelea."

"Hakuna. Hakuna."

"Siku tatu nzima! Mama yetu, siku tatu, hakuna! Wewe unalala chumba cha pili, nguo unaziona kwenye kamba, harufu unaijua. Hakuna?"

Sasa nieleze, maana nimeshaanza vibaya. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye karakana ya mtaa wa nyuma. Yaani, alikuwa anashona. Tangu anizae mimi, na wanasema nilikuwa jitoto, kilo nne na ushee, nikamsumbua siku mbili za uchungu, akikohoa mkojo unamtoka. Akicheka, unatoka. Akinyanyua jora la kitambaa, unatoka. Zamani ulikuwa kidogo, anaweka vipande vya vitambaa vya sare, maisha yanakwenda. Mwaka huu vipande havikutosha tena.

Akajikaza akaenda kituo cha afya. Nesi akampa karatasi ya kujaza siku tatu, ina safu tatu, na kila safu ina picha juu: kikombe, kwa ulichokunywa, choo, kwa ulivyokwenda, na tone, kwa uliotoka wenyewe. Mama hajui kuandika. Mwandishi nikawa mimi.

Tulifanya hivi: yeye chumbani kwake nyuma ya pazia, mimi mezani na kalamu.

"Mwanangu, andika chai, kikombe kimoja, saa moja." Naandika.

"Andika nimekwenda." Naandika.

Halafu kwa sauti ya chini kabisa, "Na lile jingine. Mara mbili."

Hapo mkono ukawa unakataa. Akilini nilimwona nesi anasoma, nikaona mwandiko wangu, na pembeni jina la mama yangu. Nikaandika hakuna. Nikajiambia namsitiri. Mama akauliza, "Umeandika?" Nikasema, "Nimeandika, Mama." Siku tatu hivyo hivyo.

Siku ya kurudisha nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi. Haikupita hata dakika kumi, akatoka ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Wamesema niko salama. Sina kitu."

Nilijua palepale kuwa ni ile karatasi. Mlango wa nesi ulikuwa wazi, hatua sita tu. Nikamwambia, "Basi vizuri, Mama, twende."

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita.

Mwezi uliofuata, kule karakana, mwanamke anayeshona vifungo alitoa kichekesho, wote wakaangua kicheko, na Mama akacheka nao. Walikuwa wanakaa watatu kwenye benchi moja la mbao. Mkojo ukamfikia jirani yake. Kesho yake akakuta msimamizi amemwekea kiti cha plastiki peke yake karibu na mlango, na cherehani yake imesogezwa huko. Alikikalia siku nne. Ya tano hakuamka kwenda.

Akapunguza na maji. Nusu kikombe asubuhi, basi. Alidhani kisipoingia hakitatoka. Kumbe mkojo ukawa mkali, ukamwasha, na akibanwa hafiki hata mlangoni. Dada, ambaye anaishi kwa mumewe, akaja jana akakuta midomo ya Mama imepasuka. Asubuhi akaenda kituoni kugombana. Nesi akavuta faili, akamwekea karatasi yangu mezani. "Huyo mama alitaka kusema neno, nikamwonyesha hapa kwamba ameandika yeye ni mkavu. Na mimi ningemsikiliza. Lakini foleni ilikuwa mpaka nje."

"Unajua kaniambia nini tena?" Dada sasa sauti imeshuka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Ni misuli ya huku chini inayoshika kibofu. Imelegea, kwa uzazi na kunyanyua mizigo. Kuna zoezi. Unaibana kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Mara nyingi kwa siku. Ikishindikana kuna daktari, kuna kifaa cha kuweka, kuna upasuaji. Na maji asiache. Wengi wanapata nafuu kwa hilo zoezi tu. Unajua kwa muda gani?"

Sikutaka kujua.

"Miezi mitatu."

Pazia likasogea. Mama alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi, nguo ameifunga kiunoni mara mbili.

"Kwa hiyo hawakunikatalia," akasema.

Dada akaishusha ile karatasi.

"Mimi nilidhani wameniona muongo. Mtu mzima nimetoka kwangu kwenda kusema uongo wa mkojo." Akakaa kwenye kigoda chake kilichovikwa mfuko wa nailoni. "Nikasema labda ndivyo wanawake wote walivyo, mimi ndiye nadeka."

"Mama," nikasema, "nilikuwa nakusitiri."

Akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angenipiga.

"Ulikuwa unajisitiri wewe, mwanangu."

Dada akatoa karatasi mpya kwenye mkoba, akailaza mezani. Kikombe, choo, tone. Nikaichukua kalamu kabla yake.

"Nitaandika vizuri, Mama. Kila kitu."

"Mpe dada yako."

"Mama, naomba."

"Mpe."

Nikaiweka kalamu. Dada akaivuta taratibu kama anaogopa kunigusa. Mama akataka kusema neno jingine, kikohozi kikamkatiza, akakohoa ameshika meza, na nikasikia matone kwenye nailoni. Mara zote nilikuwa nageuza uso. Leo sikugeuza. Akaangalia chini, kisha akaniangalia mimi.

"Saa ngapi?"

Nikatazama saa ya ukutani. "Saa sita na robo, Mama."

"Andika," akamwambia Dada. "Saa sita na robo. Moja."

Kalamu ikakwaruza kwenye safu ya tone. Wino ulikuwa uleule.

"Wewe toka sasa, nibadili nguo."

Nikatoka, nikafunga mlango.