Mpigo wa Waliopotea

Wageni wanaokuja Hontarrubia, kijiji chetu cha milimani, msimu wa uyoga huvaa viatu vipya na kuuliza maswali yale yale: mnaishije hapa, hamchoshwi na ukimya? Mimi huwapakulia chakula na kutabasamu. Nyumba ya wageni ni yangu, na tabasamu ni sehemu ya kazi.

Baridi ikianza tunabaki watu kumi na saba, na bila wageni hata duka la mkate lingefungwa. Ndiyo maana nilibandika mlangoni orodha ya mambo ya kufanya: kuchuma uyoga kwenye misonobari, kuwatazama tumbusi jabalini, kuoka mkate katika tanuri la kijiji, na kila Jumamosi kupiga kengele za kanisa pamoja na Mjomba Baudilio.

Mjomba Baudilio ni kaka wa mama yangu. Ana miaka themanini na miwili, na kengele zilishamla sikio la kushoto. Aliwafundisha wageni mpigo wa sikukuu na ule wa moto, wakacheka, wakapiga picha. Mpigo mmoja tu hakuwagusia, ule wa waliopotea. Huo haupigwi kengeleni mpaka mtu awe amepotea kweli, hata kwa mazoezi haupigwi, na ukishaanza haukomi mpaka aliyepotea apande mnarani kwa miguu yake aweke kiganja kwenye kengele. Kwa hiyo mtu hujifunzia mezani, kwa kugonga ubao kwa vidole. Tangu nikiwa na miaka ishirini na tano mjomba alikuwa akinigongea meza, nami nikimjibu mwakani, mjomba, sasa hivi nina kazi.

Mwezi wa kumi na moja akaja Vicenta kutoka Valencia, mjane wa miaka sitini na minane aliyepiga ngoma maisha yake yote katika bendi ya mtaa wao. Alikuja kwa siku tatu, akakaa wiki mbili. Siku moja nikatoka bandani na mayai, nikawakuta yeye na mjomba mezani kwangu jikoni, wanagonga. Niliutambua ule mpigo mara moja, ingawa sikuwahi kujifunza kuupiga. Nikayatua mayai kwa hasira, mawili yakapasuka.

“Mjomba, huo ni wa kwetu,” nikasema.

“Ni wa aliyepotea,” akanijibu bila kuacha kugonga. “Wewe kila siku mwakani, mwakani. Mimi hiyo mwakani nitaitoa wapi?”

Vicenta akataka kuinuka. Nikamwambia akae, kwa sauti ya mtu anayemwamuru mbwa. Siku mbili nzima nikawa namwekea supu ya kitunguu saumu mbele yake bila neno, na tabasamu la kazi nikamnyima.

Alhamisi mjomba alitoka asubuhi na kikapu, akatafute mahali penye uyoga kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Aliniachia maagizo nimpikie dengu, atarudi kula. Saa nane hajarudi, na ukungu ukashuka mzito hata nyumba ya jirani sikuiona. Kule kwenye misonobari simu hazishiki. Na kati ya misonobari na kijiji kuna lile jabali, ukingo wake umekatika wima. Nilipokuwa mtoto, mchungaji mmoja, Cirilo, alikanyaga hewa pale katika ukungu wa namna hii. Tulianza kumwona mbwa wake, ameketi ukingoni.

Nikakimbilia mnarani, nikaishika kamba ya kengele kubwa, nikaivuta kwa nguvu zangu zote bila kupumzika. Nilikuwa nalia na kuvuta. Mara nikahisi mtu amenishika kifundo cha mkono. Alikuwa Vicenta, anahema kwa zile ngazi.

“Acha, Casilda. Unampeleka jabalini.”

Akanieleza haraka haraka yale aliyoambiwa na mjomba pale mezani, ambayo mimi kwa miaka yote sikukaa kuyasikia. Kengele kubwa inafika jabalini na kurudi, na aliye ndani ya ukungu hawezi kutofautisha sauti na mwangwi wake. Basi inapigwa mara tatu, kisha unangoja mwangwi ufe kabisa, ndipo unapiga ndogo mara moja, ambayo haifiki kule. Kubwa inamwambia kuwa anaitwa. Ndogo ndiyo inayomwonyesha wapi, na ni hiyo tu anayoifuata.

Nikamwachia kamba. Akapiga. Mimi nikawa namhesabia ule ukimya kwa kugonga ukuta, kama alivyoniagiza. Majirani walikusanyika chini. Ikapita saa moja, ikaja ya pili. Ngozi ya viganja vyake ikachubuka, nikaifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamsihi anipishe. Akakataa, akasema nitaharakisha. Alinijua vizuri kuliko nilivyodhani, na sijawahi kumshukuru mtu kwa kunikatalia kama nilivyomshukuru yeye siku ile.

Kisha tukasikia viatu kwenye ngazi. Mjomba akaingia amelowa mpaka kofia, kikapu bado kiko mkononi. Hakututazama. Akaenda moja kwa moja kwenye kengele ndogo, akaweka kiganja juu yake, na mnara ukanyamaza.

“Nani alianza?” akauliza.

“Mimi, mjomba.”

“Nilikufuata,” akasema. “Nikaenda, nikaenda, mpaka nikasikia tumbusi wakipiga mbawa chini ya miguu yangu. Nikakaa chini hapo hapo, sikuthubutu hata kugeuka. Halafu ikalia ndogo.”

Nilishika mikono ya Vicenta, nikaibusu juu ya kitambaa, nikamwambia asante, na asante ile haikuwa ya mwenye nyumba ya wageni. Nikamwomba radhi kwa ile supu ya kimya. Akasema supu ilikuwa nzuri, ila kwa sasa ana njaa.

Tulikula dengu zilizopashwa moto, tukiwa watatu, na nilimpakulia yeye kwanza. Nilipomaliza kuondoa sahani nikafuta meza, nikaketi.

“Bi Vicenta,” nikasema, “nifundishe.”

Mikono yake ilikuwa imefungwa, hangeweza kugonga, kwa hiyo akanielekeza kwa mdomo. Nikagonga tatu za kengele kubwa. Nikanyanyua kidole nipige ile moja, na mjomba, aliyekuwa akiota moto na sikio lake zima limenielekea, akanizuia.

“Bado inarudi,” akasema. “Ngoja.”

Nikangoja.