Stesheni Isiyotakiwa Kuwa na Mtu

Mimi ni mjane wa mkuu wa stesheni wa mwisho wa kijiji cha Colonia Berrueta. Treni zilipokoma kuja, mume wangu aliendelea kuvaa kofia yake ya kazi na kuitazama reli mpaka alipokufa, nami nikaendelea kukaa katika vyumba viwili nyuma ya dirisha la tiketi. Hakuna aliyeniambia niondoke. Nilipanda maua mekundu kwenye makopo, nikatundika pazia, nikafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka nguzo ya taa mpaka kwenye kengele. Kama yupo mwenye baraza refu kuliko lile jukwaa langu la abiria, ajitokeze.

Ndipo meya wetu, ambaye shemeji yake anajenga maghala ya ngano, akagundua ghafla kwamba stesheni ni hatari kwa maisha ya watu. Hatari gani, hakusema. Alikuja na utepe wa kupimia, akapima mpaka kitanda changu, akanieleza kwa upole kwamba hapo ndipo itakapokaa mashine ya kupandishia nafaka.

Aliyenitetea ni bwana Ovidio Bassi, don Ovidio kwetu sisi, mwenyekiti wa klabu ya kijiji, mtu mwema asiyejua kufanya jambo dogo. Alikuwa amesikia kwamba mpiga picha mashuhuri wa Buenos Aires, aitwaye kwa heshima maestro Echenique, anafuata reli zilizokufa akitengeneza kitabu cha stesheni kwa filamu ya nyeusi na nyeupe. Stesheni ikiingia kitabuni mle, wizara huitangaza kuwa urithi wa taifa, na hakuna meya atakayethubutu kuigusa. Don Ovidio akamwalika, maestro akakubali.

Sasa, sisi watu wa tambarare hii tuna ugonjwa mmoja: picha kwetu ni harusi. Mtu hapigwi picha kabla hajanyoa ndevu, na ukuta haupigwi picha kabla haujapakwa chokaa. Kijiji kizima kilihamia kwangu. Fundi Rufino alipiga lipu upya, don Ovidio akatia vioo kwa mkono wake, saa iliyolala miaka na miaka ikaamshwa. Siku yenyewe wanaume walijipanga jukwaani wamebanwa na suti walizoolea, bendi ya klabu inapuliza, kondoo wanachomwa kando ya reli. Mimi nilikaa katikati kwenye kiti changu, uso umejaa poda.

Maestro alishuka garini, mwembamba, kavaa nyeusi tupu. Akasimamisha kamera yake ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa, akatoka amepauka. Nikadhani kaugua ghafla.

"Nani kafanya ukatili huu?" akauliza.

Don Ovidio alidhani anasifiwa, akainua mkono.

Maestro akatueleza polepole, kama anayesema na wagonjwa. Chokaa mpya juani inaunguza filamu, ukuta unatoka kama shuka. Anachotafuta yeye ni lipu iliyobanduka, kivuli, ukimya. Yeye hapigi picha za majengo, anapiga picha za kutokuwepo. Filamu zake ni chache na hapotezi hata moja kwa ajili ya furaha ya watu. Akaanza kukunja miguu ya kamera.

Pembeni nilimwona meya akitabasamu na nyama mkononi. Nikamshika don Ovidio mkono, nikamwambia, "Fanya kitu, wananitoa."

Akafanya. Alivua koti, akaokota jiwe, akavunja kioo alichokitia juzi tu. Baada ya hapo ilikuwa shughuli pevu. Rufino aliibandua lipu yake mwenyewe, machozi yanamtoka, akimtaja mama yake maestro kwa sauti ya chini. Wapiga tarumbeta walirusha tope. Wanawake waling'oa maua yangu wakachomeka magugu ya miiba kwenye nyufa. Maestro naye akafufuka, damu ikamrudi usoni, akawa anaelekeza: kioo kimoja zaidi, tafadhali, saa isimame, hapana, isimame kwa huzuni zaidi. Pazia likatoka, kamba ikatoka na chupi zangu, kijiji kikajificha na kondoo wake nyuma ya tangi la maji. Nikabaki mimi mlangoni.

"Doña, unapumua ndani ya picha yangu," akasema.

Nikaondoka na kiti changu. Akaweka kioo chekundu mbele ya lensi, akabofya. Siku ile mbingu ilikuwa ya buluu kama birika langu, lakini kwa kioo kile, kitabuni imetoka nyeusi, utadhani kesho yake ni kiyama.

Picha ilipata tuzo, tena niseme kweli, ni nzuri mno. Nililia nilipoiona. Stesheni ikatangazwa urithi wa taifa, shemeji yake meya akapeleka maghala yake kwingine, na meya akatoa hotuba ndefu akijisifu alivyoitetea. Nami nikarudisha pazia, maua na kamba.

Halafu akaja kijana wa wizara, mpole sana, na ile picha mkononi. Aliitazama picha, akatazama pazia, akaniambia liondoke. Akatazama picha, akatazama maua. Akatazama picha tena, kisha akanitazama mimi.

"Kinacholindwa, doña, ni kuachwa kwake," akasema. "Hapa haishi mtu."

"Nimeishi hapa tangu nilipoolewa."

"Kwenye picha huonekani."

Don Ovidio ndiye aliyenibebea sanduku, na njia nzima hakuweza kunitazama machoni. Sasa nalala chumba cha nyuma cha klabu, ng'ambo ya reli. Wizara, kwa huruma yake, imenifanya mtunzaji. Kila asubuhi navuka reli, nang'oa chochote kilichochanua, narudisha vumbi pale upepo ulipolifagia, namwaga jukwaani gunia la majani makavu.

Wageni wanakuja kwa mabasi, na kamera zao. Juzi mama mmoja wa mjini alisimama mlangoni pangu anafuta machozi. Nyumba nzuri namna hii, akaniuliza, wenyewe walikuwa na roho gani hata wakaiacha?

"Mmoja ndiye huyu anayekumwagia majani miguuni," nikamwambia. "Hebu sogea, mama. Hapo umesimama barazani kwangu."