Lenzi ya Nne Imekwenda Kujitembeza

Usiku wa jana niliota kwamba methali moja imepitishwa kuwa sheria. Tangazo lake lilibandikwa kwenye meza yangu sokoni Tukuyu, nalo lilikuwa na vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza: kizuri chajiuza. Cha pili: kibaya chajitembeza. Cha tatu: kisichoandikwa kitahesabiwa kibaya.

Cha tatu nilikisoma mara mbili, kwa sababu kilinihusu.

Ukweli wa mambo, nje ya ndoto, ni huu. Nina lenzi kumi na moja za kamera za zamani, nilizozikusanya katika miaka thelathini na tisa ya kutengeneza hadubini hospitalini. Sitaki zitawanyike. Ambakisye, mpiga picha za harusi kutoka Mbeya, amekubali kuzinunua zote pamoja. Alisema kwenye simu, "Mzee Mwakipesile, niandikie hali ya kila moja. Ikiwepo yenye walakini, nitafikiria upya."

Niliandika kumi. Mstari wa lenzi ya nne niliuacha wazi, maana ndani ya kioo chake kumeota kuvu. Dada yangu Sekela alinishauri niandike "safi".

"Nani ataona, Lugano? Wewe mwenyewe unaiona kwa miwani."

Maishani sijaandika "safi" juu ya kioo kisicho safi. Lakini "kuvu" nayo sikuiandika.

Narudi kwenye ndoto.

Afisa wa soko alikuwa stendi ya kamera: miguu mitatu, kichwa kinachozunguka. Aliniamuru nikae kwenye kigoda, mikono magotini.

"Muuzaji haruhusiwi kusifu," akasema. "Bidhaa zitajieleza."

Ambakisye anafika. Anaitazama lenzi ya kwanza, iliyotengenezwa mwaka 1958. Yeye amezaliwa 1996, kwa hiyo anaanza yeye.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," inajibu lenzi. "Lakini kioo usishike. Shika pete."

Anashika pete ya chuma inayozunguka kioo. Lenzi inajieleza: mkwaruzo mmoja wa nusu milimita, hautokei kwenye picha. Fokasi inazunguka bila kukwama. Grisi ilibadilishwa mwaka 2011 na fundi anayeijua kazi yake.

Fundi huyo ni mimi. Nilikaa wima zaidi, jambo ambalo sheria haikulikataza.

Ya pili ikajieleza, kisha ya tatu. Kila moja ilisema maneno yangu kama nilivyoyaandika, bila kuongeza nukta. Watu wakakusanyika. Mama mmoja muuza ndizi alisema hajawahi kuona bidhaa yenye adabu namna ile, na mimi sikuona sababu ya kumpinga.

"Ya nne," akaita afisa.

Mahali pake mezani palikuwa na duara lisilo na vumbi.

"Imekwenda kujitembeza," ikasema ya tano. "Kifungu cha tatu."

Nainuka kuifuata. Soko linageuka korido ya hospitali, korido inageuka barabara ya mtaani kwetu, na mvua inanyesha, kama ilivyo desturi ya Tukuyu. Mbele yangu lenzi ya nne inabingirika kwenye matope, mlango hadi mlango.

"Hodi!"

"Karibu," anajibu dada Sekela. Milango yote ya mtaa ule ilikuwa ya kwake.

"Nauza lenzi. Ni mimi mwenyewe. Nina kuvu."

"Kubwa?"

"Kama punje ya ulezi. Iko ukingoni, kwenye saa mbili."

"Saa mbili ipi, ya kutaja au ya kwenye uso wa saa?"

"Ya kutaja. Chini kushoto."

"Sasa nani atakununua, we kioo?"

"Mwenye mikunjo. Nikimpiga picha, inalainika."

Sekela akafikiri. "Ngoja nikavae kilemba."

Niliiokota. "Turudi mezani," nikaiambia.

"Siwezi. Mstari wangu hujaujaza. Kwa nini?"

"Nilidhani ataziacha zote."

"Ulipima?"

"Nilikisia."

Lenzi ikanitazama kwa jicho lake lote. "Fundi wa hadubini," ikasema polepole, "amekisia."

Niliwahi kubanwa kidole na mlango wa stoo ya maabara. Haikuuma kiasi hicho.

Afisa akatokea nyuma yangu na fomu. "Muuzaji naye ni kuukuu," akasema. "Jaza hali yako."

Mwaka wa kutengenezwa: 1957. Mikwaruzo: goti la kushoto. Kinachofichwa: hapo niliacha wazi.

Papo hapo miguu yangu ikaondoka bila mimi kuiagiza. Ilinipeleka mlango wa kwanza.

"Hodi!" ikasema sauti yangu. "Nauza fundi."

"Ana kasoro gani?" akauliza Sekela, kilemba kichwani.

"Haijaandikwa."

"Basi pita zako, baba. Hapa hatununui kisichojulikana."

Huyu ni Sekela yuleyule wa "nani ataona". Mlango wa pili, jibu lilelile. Mlango wa saba, hata kufungua hakufungua; aliniambia dirishani kwamba fundi wa namna yangu alishapita asubuhi na hakuna aliyemtaka.

"Lete fomu!" nikamwambia afisa, aliyekuwa akinifuata kwa miguu yake mitatu bila kuhema.

Niliandika huku natembea: *Kuvu, lenzi ya nne. Naijua tangu Machi.* Nilipoweka nukta, miguu ikasimama. Mwandiko ulikuwa mzuri, mwendo ule ukizingatiwa.

Soko likarudi. Ambakisye ameinua lenzi ya nne kwenye mwanga. Akafungua mdomo ili aseme, nami nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilitoa ufunguo mfukoni mwa shati, nikafungua sanduku la lenzi, lenye makomeo mawili, ambayo yote niliyakuta yamefungwa. Niliitoa ya nne, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia na rula. Nikajaza mstari, kisha nikampigia Ambakisye na kumsomea.

"Kuvu, milimita moja nukta mbili, ukingoni, chini kushoto."

Sikuongeza neno la kuisifu. Kilichoandikwa kilikuwa kimetosha.

"Moja nukta mbili?" akauliza.

"Moja nukta mbili."

"Mzee, nimenunua lenzi kwa watu wengi. Wote huniandikia 'safi'. Hakuna aliyewahi kunipa nukta. Nakuja saa nne, nazichukua zote."

Nilikata simu, nikaigeuza lenzi ili niifute kabla hajafika. Mifereji ya pete yake ilikuwa imejaa udongo mweusi, bado mbichi.

Nilichukua kalamu, kwa kuwa orodha lazima iwe kamili. Chini ya mstari wa nne nikaongeza: *Matope kwenye pete. Sababu: ilitembea.*