Barabara ya Shaba ya Mzee Kibwana

Jana usiku niliota naingia ndani ya kompyuta ya mama mkwe.

Ni kompyuta ya zamani, nzito kama kabati, na ndani yake imo sauti ya marehemu mumewe, Mzee Kibwana, akiwaimbia wajukuu. Nakala nyingine hakuna. Nimehangaika nayo wiki nzima, haiwaki, na asubuhi mama mkwe anaifuata. Naogopa, sifichi.

"Gusa chuma kwanza, umeme wa mwilini ukutoke," inasema bodi, ule ubao wenye njia zote za umeme.

Nagusa. Chuma kinanipa mkono, kinaniuliza hali ya nyumbani, kisha kinaniruhusu kupita.

Kapasita wanne, wale vikopo wa kutunza umeme, wamekaa barazani, matumbo yamewavimba. Nawaambia nimekuja kuwang'oa.

"Umeshatubadilisha mara mbili," anasema mkubwa wao. "Ugonjwa hauko kwetu. Nenda kwa betri."

Nafuata barabara ya shaba. Mara niko kwenye foleni: umeme umejipanga, mizigo kichwani, unasonya. Mbele barabara imelika, pamebaki shimo. Juu yake amejiinamia betri, mzee anayevuja, amejitanda shuka. Ananieleza kwa aibu kwamba amevuja hapo hapo miaka yote, na hajatokea fundi wa kumnyanyua aone chini yake. Halafu, kwa kuwa betri ikifa saa ya kompyuta hurudi mwanzo, ananitakia heri ya mwaka mpya wa elfu moja mia tisa na themanini.

Nyuma ya foleni nasikia kikohozi ninachokijua.

"Baba Chausiku," inaniita sauti ya Mzee Kibwana, "mke wangu ananingoja, nami nimekwama hapa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lala chini."

Nalala kifudifudi juu ya shimo, kichwa upande huu, miguu upande ule. Foleni nzima inavuka mgongoni mwangu. Mzee Kibwana anavuka wa mwisho, polepole, akilalamika kwamba nimekonda na huenda binti yake hanilishi.

Niliamka mgongo ukiniuma. Mke wangu Semeni akanigeuza anikande, kisha akainama kuutazama mgongo wangu. Fulana yangu ilikuwa na vumbi la kijani, ile kutu ya betri iliyovuja, nalo lilikuwa limejichora alama za tairi.

"Makatambuga ya baba, vile viatu vyake vya tairi," alisema. Akaniambia nivue taratibu, vumbi lisipukutike.

Nikaenda kunyanyua betri. Njia ya shaba chini yake ilikuwa imekatika. Nikaiunga kwa kipande cha waya.

Mama mkwe alipofika, mumewe alikuwa anaimba.