Mshipi wa Mzee Abdullatif

Kama kuna kitu Hudson alijivunia Dubai nzima, ni Kiswahili chake. Huko kwao Vihiga alipata A katika mtihani wa kidato cha nne, na alipoajiriwa udereva katika nyumba ya Wazanzibari pale Al Warqa, aliwatambia vijana wenzake wa Satwa kwamba safari hii hatahangaika na Kiarabu cha kubahatisha. Atazungumza na waajiri wake lugha aliyoisomea. Wiki ya saba Kiswahili hichohicho kikamuumbua.

Nyumba ile ilikuwa ya madam Masuda, aliyeishi na baba yake, Mzee Abdullatif, mtu wa miaka sabini na minane na kisukari cha siku nyingi. Mzee alizaliwa Unguja, akafanya kazi bandarini Dubai mpaka akastaafu, kisha akakaa miaka sita Kanada kwa mwanawe Mohannad. Huko walikuwa wakitoka na boti ndogo kwenye ziwa la milimani kuvua kokanii, samaki anayezaliwa na kufa ziwani bila kuionja bahari. Wenyeji walivua kwa fimbo ndefu zenye gurudumu la kuzungusha. Mzee alikataa fimbo zao, akavua kwa mkono kama alivyofundishwa utotoni, na walimcheka mpaka siku walipoona ndoo yake. Kokanii ana mdomo laini, alimweleza Hudson mara nyingi wakiwa garini. Ukimvuta kwa pupa mdomo unachanika naye anakwenda zake. Sharti umsikie kwa vidole anapogusa tu, umlete taratibu.

Sasa vidole ndivyo vilivyokuwa vinamwacha. Ganzi ilianza miguuni ikaja mikononi. Kidole cha mwisho na cha pete havikusikia tena moto wala baridi, cha kati kilikuwa njiani, na daktari alisema wazi kwamba hali hiyo haitarudi nyuma. Mzee akamwomba binti yake jambo moja: apelekwe kwenye bwawa la shamba la rafiki yake, milimani upande wa Hatta, akamsikie samaki mara moja tu kabla gumba na kidole cha shahada havijafuata wenzao. Masuda anaogopa boti kuliko nyoka. Alikataa mwezi mzima, kisha akakubali Jumamosi moja, warudi kabla ya alasiri, na baada ya hapo khalas, asisikie tena habari za samaki.

Jumamosi ilipofika, Mzee aliwahi kuingia garini akiwa na kanzu yake nyeupe na kopo la ndoana mapajani. Gari likiwa linanguruma akakumbuka kitu.

"Hudson, baba, kaniletee mshipi wangu. Umetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani."

Hudson akaenda. Kwenye msumari nyuma ya mlango palining'inia vitu viwili: mfuko wa plastiki na mkanda wa ngozi wa kuvalia suruali. Sasa, kwao Vihiga, na katika vitabu vyote alivyopitia, mshipi ni kitu cha kushikia suruali. Alijiuliza kidogo, mtu aliyevaa kanzu anataka mshipi wa nini? Akajijibu kwamba bila shaka ni wa kujifunga kwenye boti asianguke majini. Huyo ndiye mtu wa A. Akauacha mfuko, akauviringa mkanda vizuri, akautia kwenye kikapu cha chakula, na yalla, wakaondoka.

Bwawa lilikaa katikati ya milima mikavu, maji ya kijani yaliyotulia. Mtunza shamba, Mganda aitwaye Yekoniya, alishaandaa boti ndogo ya plastiki na majaketi ya kuokolea. Akawaambia ngege wamo tele. Hudson akawaita tilapia, Mzee akasema hao ni sato, na wote watatu wakakubaliana kwamba wanaliwa. Hudson, ambaye hajui kuogelea, alipiga makasia huku akisali kimoyomoyo. Walipofika katikati Mzee alifungua kopo, akachagua ndoana, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe mshipi."

Hudson akampa mkanda.

Mzee aliutazama, akautazama tena. "Huu ukanda, baba."

"Si ndio mshipi, Mzee?"

"Mshipi ni uzi wa kuvulia. Ulikuwa ndani ya mfuko."

Hudson alitamani boti itoboke. Kwenda Al Warqa na kurudi kungemaliza siku yenyewe, na siku ilikuwa hiyo moja. Akamwita Yekoniya aliyekuwa ukingoni; Yekoniya akajibu kwamba shambani kuna wavu tu, na arbab, mwenye shamba, ameufungia stoo. Hapo Hudson akaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa vijineno vyote vya Kiarabu alivyokuwa navyo. Hakuwaza kazi wala madam. Aliona tu kwamba amemnyang'anya mzee wa watu kitu kimoja alichokiomba.

Mzee hakumkaripia. Aliugeuzageuza ule mkanda. Ulikuwa wa zamani, kazi ya fundi viatu wa Satwa aliyeushona kwa mkono, mistari miwili kila upande, kwa uzi mnene uliopakwa nta.

"Fumua," akasema.

Hudson akafumua kwa ncha ya ndoana, mshono baada ya mshono, kwa sababu vidole vya Mzee visingeweza. Alijichoma mara mbili na akaona anastahili. Kazi ilichukua zaidi ya saa nzima. Kila mstari ulitoa kama pima moja na nusu, Mzee akamwelekeza namna ya kuunga mafundo, wakapata uzi wa pima sita hivi. Wakafunga ndoana, wakatia donge la mkate, wakautosa.

Mzee aliupitisha uzi juu ya kidole cha shahada, akaubana na gumba, akafumba macho. Muda ukapita. Hudson akauona uzi ukitikisika mara moja, akamwangalia Mzee usoni. Uso haukubadilika. Uzi ukatikisika tena, uso vilevile, na Hudson akajua kwamba Mzee hausikii.

"Huyo anaonja," Mzee akasema polepole. "Mwache ameze."

Akamwacha, akamvuta bila papara, akamtoa sato wa kiganja kimoja. Akamtia ndooni, akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu, wala hakujificha. Alhamdulillahi, alisema, akarudia mara tatu. Hudson, aliyeona hiyo ndiyo nafasi, akaanza tena kuomba msamaha wa ule uzi alioacha nyumbani.

"Nisikilize," Mzee akamkatiza. "Ule wa nyumbani ni wa nailoni, mwembamba, unateleza. Wiki mbili hizi naufunga kwenye kitasa cha mlango, nauvuta. Siusikii. Sikumwambia Masuda wala mtu yeyote. Leo nimekuja hapa najua nitakaa nimeshika kitu nisichokisikia, kisha nirudi nimwambie mwanangu nimefurahi." Akausugua ule uzi wa nta kati ya vidole viwili. "Huu unakwaruza. Huu nausikia. Ahsante, baba. Mungu akulipe."

Hudson alikata donge jingine la mkate, akalitia kwenye ndoana, akaishusha majini kwa uangalifu. Mzee akafumba macho tena. Uzi ulipotikisika Hudson aliuona, akanyamaza, akasubiri.

"Huyu mkubwa kidogo," Mzee akasema.