Sururu Yangu

Miaka kumi na moja sikuchimba kaburi. Hapa Kinyangiri mwanaume asiyechimbia wenzake kaburi ama ni mgeni, ama ni maiti anayesubiri zamu. Mimi si mgeni.

Nilipasuliwa Dar es Salaam, wakanitolea mlango wa moyo uliochakaa wakaniwekea valvu ya chuma. Nikarudi na kovu la kifua kizima na vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kumeza kila siku mpaka nife. Ukikaa karibu yangu pakiwa kimya, unaisikia valvu ikigonga.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Emilian, mtoto wa baba yangu mdogo. Msiba wa kwanza baada ya kupona nilifika na sururu yangu. Akaninyang'anya mbele za watu, akasema nikakae kwenye viti na vikongwe, wasije wakachimba mawili kwa siku moja. Watu walicheka. Nilichukia, na sioni haya kulisema. Sururu akaenda nayo kwake.

Kila nilipokwenda kliniki daktari aliniambia valvu ni nzima, nifanye kazi, ila nijihadhari na majeraha. Nikalima alizeti ekari tatu kila msimu, na Emilian aliona, maana tumepakana mashamba. Lakini ukitokea msiba, mimi ni kiti tu. Wachimbaji wakishanawa udongo hula sinia moja. Mimi naletewa sahani pembeni kama mwanamke aliyejifungua jana.

Jumanne Emilian akafa. Presha, hata siku tatu hakuugua. Nililia sana, maana nilimpenda, na nilimlilia kwa hasira pia.

Nilipofika makaburini wachimbaji walikuwa wamechimba hadi magotini. Ndani ya shimo alikuwa Elisha, mwanawe, na mkononi ameshika sururu yangu. Akaniamkia shikamoo, akaniomba nikakae, wao watamaliza.

"Marahaba," nikamjibu. "Baba yako alidhani yeye ndiye atakayenichimbia mimi. Toka humo, na hiyo sururu nipe."

Wazee wakaguna. Elisha akawatazama, akanitazama, akatoka.

Chini kulikuwa na mwamba. Niligonga, nikapumzika, nikagonga tena, sikushindana na mtu. Kila nilipopumzika waliokuwa ukingoni walinyamaza, na katika kimya kile valvu ikasikika. Mmoja akauliza ni nini. Nikamwambia ni saa yangu, haijachelewa hata dakika moja.

Jiwe likanichana kiganja cha kushoto. Damu yangu huchelewa kukatika. Nikakibana kwa kitambaa, nikainua mkono juu na kungoja kama nilivyofundishwa. Elisha akanyoosha mkono anivute nje. Nikakataa. Damu ilipokata nikafunga kitambaa vizuri, nikaendelea taratibu, wenzangu wakizoa udongo, mpaka ukingo ukafika kwenye kovu langu la kifuani. Ndipo nikatoka.

Tulipomaliza kumzika, mke wangu Febronia akaniletea sahani yangu pembeni, kwa mazoea. Nikamwambia airudishe.

Elisha akasogea kwenye mkeka wa wachimbaji, akanipisha. Nikanawa udongo wa kaburi la Emilian, nikaketi, nikamega tonge kwenye sinia. Sururu niliilaza chini ya paja langu, mtu asije akakosea njia nayo tena.