Korona Imefika Korogwe

Gari la matangazo lilipita Korogwe likitangaza kwamba korona imeingia. Nikamwambia mke wangu, Bernadina, "Lete mabuti yangu, kiwanda kimefunguliwa!" Kwetu sisi watu wa mkonge, korona ni mashine ya kukwangua majani ili itoke katani. Niliilisha majani kwa mikono yangu miaka na miaka, mpaka kiwanda kikafungwa.

Getini nikawakuta wazee wenzangu, kila mmoja na mabuti yake, wanasukumana kugombea foleni. Ndipo akapita Mwalimu Faudhia, anayefundisha Kiingereza, kajiziba pua na mdomo kwa barakoa.

"Shikamooni, wazee! Tawanyikeni! Korona ni ugonjwa!"

"Marahaba," nikamjibu. "Ugonjwa gani huo wenye jina la mashine?"

Akatueleza kwamba neno ni lile lile, la mashine na la ugonjwa: limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni taji. Kidudu cha ugonjwa huo kina miiba kama taji. Halafu akatukataza kupeana mikono.

Hapo nikamwinulia mkono wangu wa kulia mbele ya uso wake.

"Taji la kwanza lilinila vidole, mwalimu. Na hili nalo linanikataza kusalimia kwa vilivyobaki?"